Nipe Vitatu, Nikupe Viwili

Mwalimu hakai. Ukimpa kiti atasema ahsante, atakishika mgongo, atakisogeza kidogo, kisha atabaki amesimama na kuanza kuzunguka. Alinifundisha fizikia tangu kidato cha kwanza, akastaafu, akawa mteja wa steshenari yangu hapa Katesh, na mara alizokaa mbele yangu nazihesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Mimi mwenyewe si wa kutulia. Marehemu baba alikuwa akisema nimezaliwa na siafu kwenye viatu. Lakini kwa Mwalimu nilinyoosha mikono, jamani. Yule alikuwa anachosha hata ukimtazama tu.

Darasani alifundisha akitembea. Mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, hatua saba kwenda na saba kurudi, na ukimwuliza swali alikujibu akiwa amekupa kisogo. Urefu wa darasa letu tuliujua kwa sababu hiyo: mita saba. Alivuka uwanja akihesabu chinichini, midomo inatikisika, na ukimwamkia katikati alikuonyesha kiganja usubiri. "Mia moja arobaini na mbili," anamaliza, ndipo anakugeukia. "Marahaba, mwanangu. Nilikusikia."

Hatua yake ilikuwa mita moja kamili, na hilo lilijulikana kata nzima. Alipoanza kazi shule haikuwa na hata tepu ya kupimia, akaja dukani kwa baba, aliyekuwa anauza vitambaa, akaazima ile fimbo ya chuma ya kupimia nguo. Baba alinisimulia mara nyingi: kijana amevaa tai, jua linawaka, anachora mistari vumbini mbele ya duka, mita baada ya mita, halafu anatembea juu yake kwenda na kurudi mpaka adhuhuri, na wapita njia wanaulizana huyu ana akili timamu kweli? Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne alirudisha fimbo akasema, "Sasa ipo mguuni." Baba aliipenda sana kauli hiyo. Mteja akilalamika kwamba amepunjwa kitambaa, baba alimwambia, haya, kamwite Mwalimu akipige hatua.

Basi watu wakaanza kumwita mashambani. Majirani wakigombania mpaka kule Mogitu, au mtu wa Dirma akisema ng'ombe wa mwenzake wanalala ndani ya eneo lake, na wazee wameongea mpaka koo zimekauka, mwishowe lazima mmoja aseme, tumwite Mwalimu apige hatua. Anakuja na daftari, anavua koti, anatembea. Akishataja namba mjadala umekwisha, watu wanaingia ndani kunywa chai. Sijawahi kusikia mtu akidai arudie. Mpaka leo kuna minyaa ya mpaka imeota palepale kisigino chake kilipotua.

Kwa upande wa mdomo alikuwa watu wawili. Ukutani shuleni kuliandikwa marufuku kuzungumza Kiswahili, na kiongozi wa kutukamata alikuwa yeye. Paredini alifoka kwa Kiingereza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Akiingia darasani anafunga mlango, anachungulia dirishani kama mwizi, halafu anasema kwa Kiswahili, "Haya. Sasa tuelewane." Kitu chochote kinachosogea, alisema, kina vipimo vitano: kasi kilichoanza nayo, kasi kilichoishia nayo, kasi inavyobadilika kila sekunde, muda, na umbali. Ukivijua vitatu, viwili vilivyobaki havina pa kujificha. "Nipe vitatu, nikupe viwili!" Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake, na aliitumia hata pasipohusika. Ukichelewa shule anakudaka getini: umetoka nyumbani saa ngapi, unakaa umbali gani, umefika saa ngapi? "Umeshanipa vitatu. Kwa hiyo njiani ulisimama." Na kweli ulisimama, ulikuwa unakula mihogo ya kukaanga.

Sasa mtu huyu aliyefundisha mwendo maisha yake yote alikuwa anaogopa vyombo vya moto. Kutoka Mogitu hadi Katesh anakuja kwa miguu, upepo wa mlimani unampeperusha koti, bodaboda wanampigia honi. "Panda Mwalimu, nakusogeza!" Na yeye anajibu, "Breki zako umezipima lini?" Kijana anacheka, anaondoka zake. Tena alituhubiria tusiamini jambo lolote, hata la kitabuni, mpaka tulipime wenyewe. Halafu siku moja mwenzetu akaleta tepu ya mjomba wake fundi seremala ili tupimie uwanja. Weee! Mwalimu aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hii imetengenezwa na nani?" Sijui, Mwalimu. "Na mimi unanijua?" Nakujua, Mwalimu. "Basi." Darasa zima tulicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka kuliko wote, sikuona kasoro yoyote.

Kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Shule iko chini ya mteremko, na barabara ya lami inashuka kwa kona kabla ya kufika pale wanafunzi wanapovuka. Tukiwa kidato cha tatu, asubuhi moja ya baridi, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja aligongwa na lori. Ilikuwa siku ya kupeleka mahindi ya chakula cha mchana, kila mwanafunzi na ndoo yake, na yeye alikuwa ameibeba kichwani. Mtu aliyebeba ndoo kichwani hageuzi shingo haraka. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliona mahindi yakimwagika barabarani kabla sijaelewa nimeona nini.

Mwalimu alipiga hatua alama za matairi hata askari hawajafika. Siku mbili baada ya mazishi aliingia darasani akaandika ubaoni: kasi ya lori, urefu wa alama, umbali kutoka mahali dereva alipomwona. Alipofika kwenye jibu alisimama. Alisimama kabisa, na chaki mkononi. "Amepungukiwa mita kumi," alisema. "Dereva angemwona mita kumi kabla, lori lingesimama." Akatoka akaacha ubao haujafutwa, na hakuna mwalimu wa zamu aliyethubutu kuufuta mpaka wiki ikaisha.

Tangu hapo akawa anaomba kibao cha barabarani, cha kuwaambia madereva wapunguze mwendo kuna watoto. Barua zikaenda ofisi ya barabara, zikapokelewa, zikalala. Nikamaliza shule, nikasoma kompyuta mwaka mmoja Arusha, nikarudi kufungua steshenari mahali palipokuwa duka la baba. Yeye bado anaandika barua. Alipostaafu ndipo alikuja kwangu, asubuhi, na daftari chini ya kwapa. "Wamechoka na kilio," alisema. "Wanataka hesabu. Basi nitawapa hesabu inayojifanya yenyewe mbele ya macho yao."

Ndani ya daftari kulikuwa na programu. Alijifunza kwenye simu, mstari kwa mstari, mzee mzima, akaiandika yote kwa penseli, mistari arobaini na kitu. Ilikuwa programu ndogo tu. Inakuuliza kwa Kiswahili vile vipimo vitano kimoja kimoja, usichokijua unaweka alama ya kuuliza, nayo inachagua mlinganyo unaofaa na kukupa viwili vilivyobaki. Umbali unauingiza kwa hatua, programu yenyewe inageuza kuwa mita. Kwa hiyo mstari wa tatu ulisema: hatua = 1. Mingine yote ni penseli, ila huo aliuandika kwa kalamu ya wino.

Kuichapa ilituchukua wiki mbili za kugombana. Mimi nakimbiza vidole, yeye anazunguka nyuma yangu, wateja wa fotokopi wanasubiri wanaguna. Mara ya kwanza nilisahau alama ya kutoa kwenye breki, lori letu badala ya kupunguza likawa linaongeza kasi. "Umeua darasa zima!" alipiga kelele mpaka mama mmoja akaangusha vyeti vyake. Siku nyingine tuliuliza jiwe lililorushwa juu litachukua muda gani kufika kwenye kilele cha mnara wa simu, programu ikagoma, ikatoa maandishi mekundu. Alifurahi kama mtoto. Jiwe halikuwa na nguvu ya kufika huko, sasa hesabu ingetoka wapi? Akaniambia niongeze mstari, ili hali kama hiyo ikitokea, iandike HAKIFIKI. Na lori likishindwa kusimama kabla ya kivuko, iandike LINAPITA. Kuijaribu, aliachia baiskeli ishuke mteremko wa uwanja wa shule bila kupigwa pedali, kutoka mkalitusi mmoja hadi mwingine, hatua themanini na nane, sekunde ishirini. Zoezi hilohilo tulilifanya zamani, na jibu alilikumbuka: kasi iliongezeka 0.35 kila sekunde. Safari hii programu ikasema 0.44. "Baiskeli za siku hizi zina beringi nzuri," alisema, tukaendelea.

Tuliwapelekea hesabu ya lori, ofisi ikakubali. Sitasahau uso wake. Walileta kibao, wakakiachia kijiji kazi ya kuchimba, na kuhusu mahali wakasema Mwalimu ameshapiga hesabu. Kwenye kona ile dereva hakioni kibao mpaka awe amekifikia, kwa hiyo mahali ndiyo kila kitu. Lori lenye mzigo, kwa mwendo wanaoshuka nao pale, linahitaji mita mia moja na sita. Akasema tuweke mia na ishirini, kwa ajili ya dereva mwenye usingizi. Akatembea kutoka kivukoni kupanda juu, goti la kulia limefungwa bandeji, anahema, anahesabu. Mia na ishirini. "Chimba hapa." Tulipiga makofi, mimi nililia kwa sababu ya rafiki yangu.

Siku mbili baadaye nilikuwa napanga sanduku nyumbani nikakuta daftari langu la kidato cha tatu. Zoezi la baiskeli lipo, kwa mwandiko wangu mbaya. Mkalitusi hadi mkalitusi, hatua sabini. Sekunde ishirini.

Nikasoma tena. Sabini. Na juzijuzi alihesabu themanini na nane. Beringi zinaweza kubadilika, lakini miti ile ipo palepale, nimeipita mwenyewe na imeandikwa majina yetu kwa kisu. Miti haitembei! Usiku huo usingizi ulikatika. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, Mwalimu akapita uani kwangu kuchukua karatasi zake, na alipoondoka nilichukua fimbo ya baba, ileile ya chuma, nikainama kwenye matope. Kisigino hadi kisigino. Sentimita themanini. Nikapima hatua kumi, nikifikiri labda aliteleza. Zote themanini, na moja sabini na tisa.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Hatua mia na ishirini ni mita tisini na sita. Lori linahitaji mia na sita. Zimepungua mita kumi.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya ujinga. Nilifungua programu, nikabadilisha mstari wa tatu ukawa hatua = 0.8, nikafunga, nikanyamaza. Nilijiambia ataiendesha mwenyewe, ataona mwenyewe, haitakuwa mimi niliyemwambia mzee wa watu kwamba miguu yake imemwangusha. Utamwambiaje? Mtu ninayempa shikamoo nikiwa nimeinama, aliyepima nusu ya mipaka ya kata, nimwambie minyaa ile yote inabidi iangaliwe upya? Kila siku nikawa nasema kesho. Nilikuwa siwezi kukaa. Nafungua kabati, nafunga kabati, nachapa barua ya mtu nasahau tarehe. Siku ya sita, Jumanne, tukasikia lori la mbaazi limesimama na bampa lake juu ya kivuko, watoto wamerukia mtaroni, hakuna aliyeumia. Mwalimu alimlaani dereva dukani kwangu kwa robo saa nzima. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, stepla mkononi, na bado nikasema kesho.

Siku ya tisa alikuja kuchapisha ripoti ya ofisi. Alitaka karatasi inayoonyesha kibao kimewekwa salama. Akanisogeza, akaiendesha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akaingiza hatua mia na ishirini. Mimi nikajifanya napanga rimu za karatasi.



"Mwanangu," alisema. "Njoo usome, macho yangu leo sijui vipi."

Nikasoma. Umbali wa kibao, mita 96. Umbali unaohitajika, mita 106. LINAPITA.

"Nani ameshika mstari wa tatu?"

"Mimi, Mwalimu."

Nilitegemea afoke. Akauliza fimbo ya baba yako ipo? Nikamletea. Akatoka uani, akatembea vumbini, hatua kumi, bila kuhesabu kwa sauti, akageuka akaniangalia nikipima. Nilipomaliza hakuniuliza ni ngapi, alikuwa amesimama juu ya namba. Akarudi ndani, akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Umejua lini?"

"Leo siku ya tisa."

"Kabla ya lori la Jumanne."

"Kabla, Mwalimu."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliona nitakukosea adabu."

Alipangusa magoti kwa viganja, taratibu. "Mwenzako wa dawati moja," alisema, "alipungukiwa mita ngapi?"

Nililia pale mbele ya wateja wawili na mashine ya fotokopi inayounguruma, na yeye hakunibembeleza hata kidogo. Alinisubiri. Nilipojifuta uso alikuwa ameshasimama, koti begani, yuko mlangoni.

"Watoto wanatoka saa nane," alisema. "Chukua fimbo."

Akasimamisha bodaboda. Mwalimu! Akapanda, akanivuta nikakaa nyuma yake, fimbo ya chuma nimeikumbatia, na breki hakuziuliza. Njia nzima alikuwa anamwambia kijana aongeze mwendo.

Pale mteremkoni nililaza fimbo barabarani, moja baada ya nyingine, kutoka kivukoni kupanda juu, yeye akihesabu na kuzuia magari kwa koti. Wanakijiji walikuja na majembe wakashangaa kunani tena. Hakuzunguka mbuyu. "Nilikosea," aliwaambia. "Hatua yangu siyo mita. Ni sentimita themanini." Watu wakaangaliana. Mzee mmoja, ambaye shamba lake lilipimwa mwaka uliopita, akasema polepole, "Kwa hiyo Mwalimu, ule mpaka wangu..." "Jumatatu nitakuja na fimbo," akamjibu. "Kwako, na kwa jirani yako, na kwa wote niliowapimia tangu goti hili lianze. Sasa chimba."

Kibao kilipanda mita ishirini na nne. Walikuwa bado wanashindilia udongo watoto walipotoka shuleni, na lori la mahindi likaingia kwenye kona. Dereva alikiona, akakanyaga breki, lori likalia, likashuka, likapungua, likasimama. Kati ya bampa na kivuko palibaki mahali pa kutosha. Mwalimu alitazama ile nafasi, najua alitaka kuipiga hatua, niliuona mguu wake ukianza. Akaurudisha. Akaninyooshea kidole nikapime.

"Kumi na nne," nilisema.

Akatoa daftari, akafungua ukurasa wa programu, akakata ule mstari wa wino. Juu yake akaandika upya, kwa penseli.

"Mwakani unipime tena," alisema. "Itakuwa imepungua. Na uniambie siku hiyohiyo."